Neno 'Kimataifa' na Uwanja wa Ndege wa Changamwe

Makala haya yanachunguza kivumishi kimoja cha Kiingereza ambacho takriban kila msemaji wa Kiswahili wa mjini anakijua, hata asiyesoma Kiingereza, nacho ni 'international'. Yanachunguza pia neno ambalo Kiswahili kimelitoa ili kukipokea, yaani 'kimataifa'. Mahali pa uchunguzi ni pamoja tu, Changamwe katika Mombasa bara, penye Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi. Nimepachagua kwa sababu mbili. Kwanza, neno lenyewe limo katika jina la uwanja, na neno likishaingia katika jina huwa watu hawaliulizi tena maana yake. Pili, Wachangamwe walikuwa na maana yao ya neno 'taifa' zamani sana kabla ya ndege ya kwanza kutua kwao, na maana hiyo haifanani na ile inayodhaniwa na wengi wetu tunapolitafsiri neno la Kiingereza.

Kamusi ya lugha mbili hupenda mambo yawe sawasawa: neno huku, neno kule, na alama ya usawa katikati. Kwa meza na kiti utaratibu huo hauleti madhara makubwa. Kwa kivumishi cha uhusiano, unaleta. Nitajaribu kuonyesha kwamba kivumishi cha Kiingereza kinataja jambo lililo baina ya pande mbili, ilhali neno letu, kwa umbo lake, linataja namna ya jambo. Kwamba kwa sababu hiyo matumizi ya kila siku yameligeuza kuwa neno la daraja. Na kwamba daraja hilo, likitazamwa vizuri, linatuweka sisi wenyewe chini.

Tuanze na Kiingereza. Neno 'international' si la kale. Lilibuniwa na mwanafalsafa Jeremy Bentham katika kitabu chake juu ya misingi ya maadili na utungaji wa sheria, kilichopigwa chapa 1780 na kutolewa kwa wasomaji 1789. Kabla yake Waingereza walisema 'sheria ya mataifa', naye Bentham aliona kuwa maneno hayo, kama si mazoea, yangeweza kudhaniwa kuwa ni sheria ya ndani ya kila taifa. Alitaka neno la kutaja uhusiano wa taifa na taifa. Kwa hiyo alichukua kiambishi cha Kilatini chenye maana ya 'baina' akakitia mbele ya neno la taifa. Msomaji na akishike kiambishi hicho, maana kazi yote ya neno imo mle, na ndicho kilichopotea njiani neno lilipofika kwetu.

Kwa muda wa zaidi ya miaka 200 neno hilo limezaa maana nyingine katika Kiingereza chenyewe. Mkataba huitwa hivyo kwa kuwa umefungwa baina ya dola. Simu au safari huitwa hivyo kwa kuwa inavuka mpaka. Kundi la mabaharia huitwa hivyo kwa kuwa wametoka nchi mbalimbali. Mwimbaji huitwa hivyo kwa kuwa anajulikana nchi nyingi. Na mwisho kabisa, hoteli au shule huitwa hivyo kwa kuwa mwenyewe angependa tuiamini. Maana hii ya mwisho ni ya biashara, na Waingereza nao wanayo. Si sisi tulioibuni. Lakini kwao imekaa pembeni mwa zile za mbele, na mtu akikosea kuna kiambishi cha kumkumbusha.

Katika mambo ya ndege neno lina maana ya kisheria iliyo finyu mno. Mkataba wa Chicago uliotiwa sahihi tarehe 7 Desemba 1944 unazitaka ndege zinazoingia katika nchi zitue, na zinazotoka ziondokee, kwenye viwanja vilivyotengwa kwa ajili ya forodha na ukaguzi mwingine. Nyongeza ya mkataba huo inayohusu wepesi wa usafiri inaeleza kwamba uwanja wa sifa hiyo ni ule ambao dola yenyewe imeuteua uwe pa kuingilia na kutokea kwa ndege zivukazo mipaka, penye kufanywa taratibu za forodha, uhamiaji, afya ya watu, na karantini ya wanyama na mimea. Basi. Hakuna neno juu ya ukubwa, wala sakafu ya marumaru, wala wingi wa maduka. Kibanda kimoja chenye afisa wa forodha, afisa wa uhamiaji na mganga kinaweza kutimiza sharti, na jumba la fahari lisilo na watu hao lisitimize. Uwanja wa Eldoret, uliojengwa miaka ya 1990, unaonyesha jinsi maana hii isivyo na fahari: ndege za mizigo kutoka ng'ambo hutua pale, ilhali abiria wake wengi huwa wanakwenda au wanatoka Nairobi. Kwa shehena ni wa kimataifa, na kwa wanadamu ni wa ndani.

Uwanja wa Changamwe ulijengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa matumizi ya jeshi. Kwa miaka mingi uliitwa kwa jina la Port Reitz, lile la hori iliyo kusini yake, na hori nayo ilipewa jina la luteni wa Kiingereza aliyewekwa Mombasa mwaka 1824 na akafa mwaka huohuo. Ulipopanuliwa mwaka 1979 ndipo ulipopewa jina la rais aliyeshika madaraka mwaka mmoja kabla, pamoja na kivumishi tunachokizungumzia. Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Jina la kwanza lilikuwa la mgeni lakini lilitaja mahali. La pili ni la mwananchi lakini linataja hadhi.

Sasa tuligeukie neno letu. Kiswahili, kama ijulikanavyo, kina vivumishi halisi vichache, na pengo hilo hujazwa kwa kihusishi cha '-a' pamoja na nomino au kielezi. Miongoni mwa vielezi hivyo ni vile vya 'ki-' ya namna: kitoto, kizungu, kifalme, kienyeji. Anayelia kitoto analia kwa namna ya mtoto, ingawa yeye si mtoto. Aliyeketi kifalme ameketi kwa namna ya mfalme, na huenda hana hata kiti. 'Ki-' hii haitaji uhusiano wa watoto wenyewe kwa wenyewe, wala wa wafalme na wafalme. Inataja mfano, sura, mwenendo. Kwa hiyo 'kimataifa', kwa sarufi ya Kiswahili isiyotafsiriwa kutoka popote, ni 'kwa namna ya mataifa', na neno 'baina' halimo ndani yake. Msemaji asiyejua Kiingereza akiambiwa kuwa uwanja ni wa kimataifa, sarufi yake inamwambia kuwa uwanja huo umefanana na vile vya mataifa. Mataifa yapi? Bila shaka yale yenye viwanja vya kuigwa.

Wala neno 'taifa' lenyewe halikuwa tupu lilipochukuliwa. Asili yake ni Kiarabu, na huko lina maana ya kundi, sehemu ya watu, na siku hizi hasa kundi la madhehebu. Waarabu hawalitumii kwa uwanja wa ndege. Kivumishi chao kwa viwanja vya namna hii kimetokana na 'duwal', wingi wa 'dawla', ambalo ndilo neno letu 'dola'. Sisi tuna dola na tuna taifa, tukachagua taifa. Wafasiri wa Biblia nao walilitumia katika wingi kwa watu wote wasio Wayahudi, hata 'mtu wa Mataifa' akawa ni yule wa nje, asiye wa agano. Hivyo basi kabla halijafika kwenye ndege, neno 'mataifa' tayari lilikuwa na harufu ya 'wale wengine'.

Lakini maana iliyo muhimu zaidi kwa makala haya iko Mombasa kwenyewe. Waswahili wa Mombasa wanajulikana kuwa ni Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili, wakigawanyika mafungu mawili. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wagunya na Wakatwa. Thelatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tusome tena jina la mwisho. Changamwe, inayotajwa leo kuwa penye uwanja wa kimataifa, ni jina la taifa mojawapo. Taifa hapa ni watu wenye asili ya mji mmoja na wazee wao, wanaojua walikotoka na wanaowatambua wenzao. Kila fungu lilikuwa na tamimu wake, na lilikuwa na mapatano na majirani wa bara. Thelatha Taifa hasa na Wadigo na Waduruma. Kulikuwa na zawadi za kupelekeana, ugomvi wa kusuluhishwa, mwenyeji wa kumpokea mgeni na mgeni wa kumheshimu mwenyeji. Kama Bentham angefika Mombasa ya wakati wake, angeyakuta mambo aliyoyatafutia jina yakifanyika kila msimu, na wenyewe wakiyataja kwa nomino na vitenzi: kupatana, kusikizana, kuwa na ahadi na watu fulani. Hawakuhitaji kivumishi.

Kwa maana hiyo ya Mombasa, jambo la kimataifa la kwanza kabisa lingekuwa maneno ya Mchangamwe na Mkilindini. Sitaki kusema kuwa tuirudie maana hiyo. Lugha hairudishwi nyuma kama saa. Ninachosema ni kuwa katika Thenashara Taifa neno lilikuwa la wingi wa watu walio sawa, kila mmoja na jina lake, na kwamba usawa huo haumo katika 'kimataifa' ya leo.

Kuthibitisha hilo yatosha kulijaribu neno katika matumizi. Jaribio la kwanza ni la 'sana'. Kivumishi cha uhusiano hakikubali kuongezwa. Hatusemi mkataba fulani ni wa kimataifa sana kuliko mwingine, wala safari ya kwenda Addis Ababa ni ya kimataifa zaidi ya ile ya kwenda Entebbe. Lakini msikilize mtu wa mjini akisifu: 'Hoteli ile ni ya kimataifa sana', 'Wametengeneza choo cha kimataifa kabisa'. Hapa neno limekubali kipimo, maana yake limekwisha kuacha uhusiano na kuwa sifa, kama 'safi' au 'kubwa'.

Jaribio la pili ni la kuweka 'baina ya mataifa' mahali pa 'kimataifa'. 'Mkataba baina ya mataifa' ni maneno timamu. 'Safari baina ya mataifa' inakubalika, ingawa kwa taabu. 'Shule baina ya mataifa' ingemfanya msikilizaji aulize imejengwa mpakani wapi. Na 'choo baina ya mataifa' tumwachie mchekeshaji.

Jaribio la tatu, nalo ndilo lenye uzito, ni la kinyume. Katika Kiingereza cha uwanja wa ndege kinyume cha kivumishi hiki ni 'domestic', ambacho sisi tunakifasiri 'ya ndani'. (Kivumishi hicho nacho kina vituko vyake: kwa Kiingereza ndicho kinachomtaja mtumishi wa nyumbani, hata binti anayekwenda Ghuba kufanya kazi za ndani hupewa kivumishi kimoja katika mkataba wake na kupita kwenye mlango wa kile kingine.) Lakini nje ya uwanja, katika barabara za Magongo na Chaani, kinyume cha 'kimataifa' si 'ya ndani'. Shule isiyo ya kimataifa ni shule ya mtaani. Fundi asiye wa kimataifa ni fundi wa kienyeji. Dawa, vyombo, mavazi, hata mwendo wa sherehe, vyote vinaweza kuwa vya kimataifa au vya kienyeji, na katika jozi hiyo hapana anayeuliza kipi ni bora. Kuku peke yake ndiye aliyeokoka: wa kienyeji bado ana heshima, na bei yake pia.

Tulitazame basi neno 'kienyeji'. Ndani yake yumo mwenyeji. Katika mji wa bandari mwenyeji ni mtu mkubwa. Ndiye ajuaye kina cha maji, ndiye mwenye nyumba ya kufikia, ndiye adhaminiye mgeni sokoni. Mgeni asiye na mwenyeji alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Kwa kugeuza 'kimataifa' kuwa daraja, tumemtoa mwenyeji katika nafasi yake ya upande mmoja wa uhusiano, tukamtia katika nafasi ya kitu duni. Neno la Bentham halifanyi hivyo, maana lenye 'baina' lina pande mbili na kila upande ni taifa. Neno letu lina upande mmoja tu, ule wa kuigwa.

Si kwamba watu wa Changamwe hawajui tofauti ya kuvuka mpaka na kutovuka. Wanaijua kwa maneno mengi zaidi ya Kiingereza. Kuna bara, kuna visiwani, kuna Unguja, kuna Manga, kuna Ulaya, kuna nje, na kwa vijana kuna majuu. Kuna ughaibuni kwa yule aliyekwenda akakaa. Na kuna ng'ambo, neno ambalo kwa mtu wa kisiwa cha Mombasa laweza kuwa Likoni, kwa kuwa ni upande wa pili wa maji, na laweza kuwa London kwa sababu hiyohiyo. Maneno yote haya hutaja mahali au upande. Yanamwambia msikilizaji aelekee wapi. 'Kimataifa' haina mwelekeo. Hata katika jambo zito la sheria Wakenya walitumia njia hiyohiyo: wakati wa kesi zilizowahusu viongozi wa nchi, tangu 2011 hadi 2016, mahakama ilikuwa na jina refu lenye 'kimataifa' ndani yake, na wananchi walisema 'Hague'. Walitaja mji, na kila mtu alielewa.

Na tazama jinsi kivumishi cha kisheria kinavyokata nyama na mifupa mahali ambapo lugha haikukata. Kutoka Changamwe hadi Unguja kwa ndege ni kilomita 250 hivi. Hadi Nairobi ni kilomita 400 na ushei. Hadi Kisumu ni mbali zaidi. Mzee wa Mombasa anayekwenda Unguja kumwoza mjukuu wake atapita mlango wa kimataifa na kugongewa muhuri. Akienda Kisumu, ambako huenda hana amjuaye, atapita mlango wa ndani. Kwa ulimi wake mwenyewe safari ya kwanza ni ya kwenda kwa jamaa, na ya pili ni ya kwenda bara. Simlaumu afisa wa uhamiaji, ambaye anafanya kazi yake. Nasema tu kwamba maana ya kivumishi hapo ni ya dola wala si ya taifa, na lugha iliyo na neno 'dola' ingeweza kuliona hilo.

Jambo hili lina historia inayopendeza kuisimulia. Mpaka Desemba 1963 ukanda wa pwani wa maili kumi, pamoja na Changamwe, ulihesabiwa kuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, ingawa Waingereza waliutawala tangu 1895. Ndege iliyoruka Port Reitz ikatua Unguja katika miaka hiyo iliruka kutoka ardhi ya Sultani na kutua katika ardhi ya Sultani. Mapatano ya Oktoba 1963 yaliutia ukanda huo katika Kenya ulipofika uhuru, na safari ileile, yenye dakika zilezile, ikavuka mpaka wa dola. Bado kulikuwa na shirika moja la ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa 1946. Mwaka 1977 shirika hilo likavunjika, Jumuiya ikavunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Msomaji na aitie miaka hiyo akilini pamoja na mwaka 1979: uwanja wa Changamwe ulitawazwa kuwa wa kimataifa wakati mpaka na taifa lililo karibu nao kuliko yote ulikuwa umefungwa. Kama neno lingekuwa na 'baina' ndani yake, labda kinaya hiki kingesikika siku ileile.

Kuna kasoro nyingine, ndogo, ya sarufi, nayo yafaa itajwe katika jarida la lugha. Jina la Kenya ni 'Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi'. Lina 'wa' tatu mfululizo, na upatanisho wa 'uwanja' katika umoja umegongana na ule wa viumbe hai. Ndege arukaye kwa mbawa zake huchukua 'wa'. Kwa hiyo asikiaye hana hakika kama kilicho cha kimataifa ni uwanja au ni ndege, na kama Moi ana uwanja au ana ndege. Watanzania wanasema 'Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere', na 'cha' ya pili na ya tatu haziwezi kurudi popote ila kwenye kiwanja. Najua kwamba Mkenya akisikia 'kiwanja' humjia ploti ya kujenga nyumba, na uwanja kwake ndio wenye upana. Hata hivyo, katika jambo hili nadhani Tanzania imepata zaidi.

Wakaazi wenyewe wamelitatua tatizo kwa kulipunguza jina. Katika mgawanyo uliotumika tangu uchaguzi wa 2013, Changamwe ina wadi tano: Port Reitz, Kipevu, Airport, Changamwe na Chaani. Airport, bila kivumishi. Mtu akisema 'Nakaa Eapoti' anataja mtaa, na hapana anayemdhania kuwa analala penye ndege. Makanga naye huita 'Eapoti!' na abiria wake wengi hawana tikiti ya ndege wala haja nayo. Neno la Kiingereza limekuwa jina la mahali, kama Forodhani na Kilindini yalivyokuwa kabla yake, na kivumishi kimeachwa langoni.

Wapo watakaojibu kwamba neno 'kimataifa' limekwisha kuenea, limo katika majina ya taasisi, na kwamba mwanaisimu si polisi wa lugha. Nakubali nusu. Lakini waangalie kwamba hata katika majina hayo mazoea si mamoja. Tunasema 'Umoja wa Mataifa', na hatusemi umoja wa kimataifa. Tunasema 'Benki ya Dunia' na 'Shirika la Afya Duniani'. Ni katika 'Shirika la Fedha la Kimataifa' na mengine machache ambamo kivumishi kimeshikilia. Njia nyingine zipo basi, na zimetumika muda mrefu. Waliotunga 'Umoja wa Mataifa' waliweka nomino mahali pa nomino, na mpaka leo jina hilo linaeleweka kwa mtu ambaye hajapata kusoma kamusi yoyote: ni mataifa, na yameungana.

Hoja inagusa karibu zaidi na idara zetu kwa sentensi moja ambayo sote tumeifundisha na kuisahihisha katika insha za wanafunzi: 'Kiswahili ni lugha ya kimataifa.' Tuitie katika majaribio yetu. Je, ni lugha ya kimataifa sana? Wasemaji wengi watakubali, na watatoa ushahidi wa vituo vya redio vya nje, vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani, uamuzi wa UNESCO wa 2021 kuhusu tarehe 7 Julai, na ule wa Umoja wa Afrika wa 2022. Basi sentensi ni ya daraja: tunaomba cheti. Kinyume chake ni nini? Ni 'lugha ya kienyeji', yaani lugha za mama zetu wengi, Kidigo, Kiduruma, Kigiriama, ambazo kwa sentensi hiyo tumezipa nafasi ya chini bila kuzitaja. Sasa tuweke 'baina': 'Kiswahili ni lugha baina ya mataifa.' Sentensi hii haiombi chochote. Inasema jambo lililokuwa kweli wakati Mchangamwe alipozungumza na Mduruma njiani kwenda sokoni, na wakati nahodha wa Kimanga alipobishana na mwenyeji wake juu ya bei ya boriti, kabla hakujawa na redio wala UNESCO. Tena haimtweshi mtu wala lugha yake, kwa kuwa upande wa pili wa 'baina' ni taifa vilevile.

Napendekeza, kwa hiyo, tuache kulitumia neno moja kwa kazi zote. Panapokusudiwa uhusiano, tuseme 'baina ya mataifa', au 'baina ya dola' ikiwa ni jambo la serikali. Panapokusudiwa mkusanyiko wa watu wa nchi nyingi, 'wa mataifa' yatosha. Panapokusudiwa kuvuka mpaka, 'nje' na 'ng'ambo' ni maneno yetu. 'Kimataifa' ibaki na kazi iliyojichagulia, ya kusifu, na anayeitumia ajue kuwa anasifu. Hata mfanyabiashara wa Magongo aliyeandika neno hilo juu ya kinyozi chake hatanyang'anywa kitu.

Kuhusu uwanja wenyewe, mkataba wa 1944 unatupa neno ambalo tungeweza kulitambua mara moja. Kipengele chake cha kumi kinazungumzia viwanja vya forodha. Forodha ni neno la pwani nzima. Lina mtaa wake Mombasa na lina bustani yake Unguja, na kila mmoja anajua kuwa forodhani ndipo mgeni anapofika, mzigo wake unafunguliwa, na mwenyeji anakuja kumpokea. 'Uwanja wa ndege wenye forodha' hautafaa kuchorwa kwa herufi kubwa juu ya paa, nakiri. Lakini unasema kile ambacho sheria inasema, hauongezi sifa, na ile 'wa' ya pili imeondoka.